Kutu Katika Bodi ya Gari

Umepata kuona gari kuukuu lenye tundu chini ya mlango? Kando ya tundu hilo chuma kina rangi ya hudhurungi, na ukikigusa kinamomonyoka. Unga unaobaki kidoleni ni kutu. Hebu tuchunguze inatoka wapi.

Jaribio

Chukua misumari mitatu safi na chupa tatu. Katika chupa ya kwanza, iliyokaushwa vizuri juani, tia msumari mmoja kisha uifunge kabisa. Katika ya pili tia msumari na maji ya kawaida, lakini usiujaze: sehemu ya msumari ibaki nje ya maji. Katika ya tatu fanya vivyo hivyo, ila maji yawe ya chumvi. Chunguza misumari hiyo kila siku kwa muda wa juma moja, na uandike unayoyaona.

Utaona kwamba msumari ulio mkavu haukubadilika, au umebadilika kidogo sana. Misumari mingine miwili imeshika kutu, na ule wa maji ya chumvi umeharibika zaidi. Chuma kikikutana na maji pamoja na oksijeni iliyomo hewani, hugeuka kuwa kutu. Chumvi huharakisha jambo hilo. Ndiyo sababu gari linalokaa Tanga au Unguja, ambako upepo wa bahari huleta chumvi, huliwa na kutu upesi kuliko gari linalokaa Dodoma.

Kutu inavyotoboa bati

Bati la bodi ya gari dogo ni jembamba. Kwa kawaida unene wake hauzidi milimita 1 hivi. Rangi hulikinga lisipate maji na hewa. Jiwe dogo likiruka barabarani na kubandua rangi, kinga hiyo imevunjika. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoifanya, kwa hiyo inapokua huisukuma rangi, nayo hufura kama lengelenge.

Lakini mara nyingi adui huanzia ndani. Mvua inaponyesha, maji kidogo hupita kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango. Mtengenezaji wa gari alilijua jambo hilo, akaacha vitundu vidogo chini ya mlango ili maji yatoke. Vitundu hivyo vikizibwa na matope, maji hutuama humo, na mlango huoza kabla mwenye gari hajaona lolote. Ukipata ruhusa, vitafute vitundu hivyo katika gari lolote.

Kuziba tundu

Kazi hii hufanywa na mtu mzima. Wewe simama mbali utazame. Kwanza huikwangua kutu yote kwa brashi ya waya na msasa, akiwa amefunika pua, mdomo na macho, maana vumbi la rangi ya zamani huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu. Hukata bati lililooza mpaka afikie chuma kizima kinachong'aa. Hapa ndipo wengi hufanya haraka! Kutu ikibakizwa, huendelea kula chini ya kiraka.

Kisha hukata kiraka cha bati kinachozidi tundu kidogo kila upande, hukipaka rangi ya kuzuia kutu, na kukifunga kwa ribiti. Baada ya hapo hupaka puti nyembamba ili kusawazisha, huipiga msasa ikikauka, halafu hupaka rangi. Upande wa ndani hupaka nta au grisi.

Wako watu wanaojaza tundu kwa karatasi au matambara, wakapaka puti nene juu yake. Gari hupendeza kwa miezi michache tu. Puti haina nguvu ya chuma, nayo hufyonza maji. Jambo hilo ni la hatari sana katika sakafu, mahali mikanda ya viti inapofungwa, au katika fremu inayobeba gari. Tundu la mahali hapo halizibwi nyumbani. Lazima fundi akate na kuchomelea bati jipya.

Sumaku hufichua

Funga sumaku ndogo kwa kitambaa chepesi, usije ukakwaruza rangi. Ipitishe polepole juu ya mlango wa gari. Penye bati sumaku hushika. Penye puti nene huanguka. Mnunuzi mwerevu huwa nayo mfukoni. Hata hivyo usiijaribu katika bampa la plastiki, wala katika bodi ya alumini, kwani huko haishiki kamwe.

Maswali

1. Kwa nini lengelenge la rangi huonyesha kuwa kutu imekwisha kuanza?
2. Gari limeoshwa vizuri nje kila siku, lakini milango yake imeoza chini. Eleza sababu.
3. Sumaku imeshika juu ya mlango, ikaanguka sehemu ya chini. Ungemwuliza muuzaji maswali gani?