Somo la Mwezi: Kufunga na Kutunza Klachi ya Pikipiki



Zamani mzigo wa shamba ulibebwa kwa kichwa au kwa punda. Leo ndizi za Keumbu, na maziwa ya skimu ya Nyansiongo, hufika barabarani kwa pikipiki. Basi pikipiki nayo ni chombo cha shamba kama jembe, na katika milima yetu klachi ndiyo hutangulia kuchoka.

Mimi mwenyewe niliwahi kupakia mikungu ya ndizi kwenda soko la Keumbu. Katikati ya mlima injini ilinguruma sana, lakini gurudumu halikupata nguvu, na harufu ya kuungua ikatoka. Nilifika sokoni nikisukuma. Lori la wanunuzi lilikuwa limekwisha kuondoka, na ndizi nikaziuza kwa bei ya kutupa. Kosa lilikuwa langu: nilitia oili ya gari, kisha nikapanda mlima huku nimeshika klachi nusu.

Klachi ni nini?

Ndani ya injini, upande wa kulia, mna pleti za mviringo zilizopangwa kwa zamu: moja yenye vipande vya kushika, moja ya chuma kitupu. Springi huzibana pamoja, na nguvu ya injini hupita kwenda kwenye gia. Ukivuta mkono wa klachi, pleti huachana. Ukiushika nusu, pleti husuguana na kuungua.

Kabla ya kununua seti mpya

Kwanza tazama waya wa klachi. Mkono sharti uende kidogo bila kuvuta kitu. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Waya ukikaza mno, pleti hazibanwi sawasawa na klachi huteleza. Ukilegea mno, gia huingia kwa shida. Pili tazama oili. Huenda tatizo likaisha hapo bila gharama kubwa.

Kufunga seti mpya

1. Simamisha pikipiki mahali tambarare, injini ikiwa baridi. Mwaga oili katika karai. Usiimwage shambani wala mtoni.

2. Ondoa kiki na kitu chochote kinachozuia kifuniko cha kulia, kisha fungua bolti zake. Bolti hazilingani urefu. Chora umbo la kifuniko juu ya boksi la karatasi na uchomeke kila bolti mahali pake. Kifuniko kikigoma, kigonge polepole kwa kipande cha mti. Usikibandue kwa bisibisi, kwani kitavuja baadaye.

3. Fungua bolti za springi kidogo kidogo, kwa kukingamisha. Toa pleti moja moja na kuzipanga juu ya kitambaa safi kwa utaratibu uleule zilivyotoka.

4. Kagua. Pleti ya chuma iliyogeuka rangi ya buluu imeungua. Ilaze juu ya kioo, ikiyumba, imepinda. Angalia pia kikapu kinachoshika pleti: kingo zake zikiwa na mashimo, pleti mpya zitakwama.

5. Seti nyingi madukani zimetoka kwa viwanda vingine, si kwa kampuni iliyounda pikipiki. Hilo si kosa, ila linganisha kwanza: idadi ya pleti, meno na unene. Pleti za kushika zilowe katika oili mpya usiku kucha, maana zikifungwa kavu huungua upesi.

6. Rudisha pleti kwa utaratibu ule ule. Badili springi zote pamoja. Kaza bolti kwa kukingamisha, wala usitumie nguvu nyingi, kwani nguzo zake huvunjika.

7. Kwangua gasketi ya zamani, weka mpya, rudisha kifuniko na kiki, kisha tia oili kwa kipimo. Rekebisha waya. Jaribu bila mzigo mahali tambarare, na uangalie kama inavuja.

Ikiwa huna spana zinazofaa, mpelekee fundi. Lakini kaa karibu naye, ili uone pleti za zamani kwa macho yako.

Kuitunza

Tumia oili ya pikipiki. Kopo lake huwa na alama ya JASO MA au MA2. Oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, nayo hufanya klachi iteleze. Ukikuta mlima, ingiza gia ndogo mapema, kisha achia mkono wa klachi kabisa. Vidole visipumzike juu yake. Mzigo ukizidi, fanya safari mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta: waya uliorekebishwa leo huokoa seti nzima kesho.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini pleti mpya hulowekwa katika oili?
2. Utajuaje kwamba pleti ya chuma imepinda?
3. Mkono wa klachi wa pikipiki yako huenda milimita ngapi kabla ya kuvuta?

Jibu la swali la tatu halimo katika ukurasa huu. Liko nje, penye pikipiki yako. Chukua rula ukalipime kabla ya siku ya soko.