Juu ya Kung'oa "Meno ya Plastiki"

Ametuuliza mmoja katika wanafunzi wa darsa yetu juu ya jambo lifanywalo mashamba: mtoto mchanga akishikwa na homa na kuhara, mamaye huambiwa kwamba ana "meno ya plastiki", naye humpeleka kwa mwenye kuyang'oa. Je, lafaa?

Jawabu: halifai, wala hakuna meno ya plastiki. Hizo ni chonge za maziwa ambazo bado zimo ndani ya ufizi, na kwa kawaida hutoka baina ya miezi 16 na 22. Kabla ya hapo ufizi huvimba kidogo ukawa mweupe, na jino lililotolewa changa huonekana laini kama mnyoo. Basi mama akiliona, husadiki. Ama homa na kuhara vina sababu nyingine. Mtoto wa miezi sita huanza kula uji, hutambaa, na hutia kinywani kila akiokotacho.

Nasi tulionyeshwa mtoto aliyetobolewa ufizi kwa spoki ya baiskeli. Kuhara hakukukatika, na juu yake akapoteza damu. Aliyemtoboa alipewa kuku na shukrani! Wako wapatwao na pepopunda, na chombo kimoja kikipita vinywa vingi huweza kueneza Ukimwi. Na huyo asalimikaye, huenda meno yake ya ukubwani yakaota kombo, au yasiote kabisa. Jambo hili liko Kenya, Uganda na Tanzania, wala si la kabila moja hata tuwacheke wenzetu.

Amepokea Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) amemfanya mdhamini wa madhara yule ajitiaye utabibu naye hajulikani kwa elimu hiyo. Nasi walimu tutasema nini, tunaosomesha mlango wa mswaki kila mwaka, na hili tukalinyamazia?

Mtoto akihara, aendelee kunyonyeshwa, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti za zahanati pamoja na vidonge vya zinki. Macho yakididimia, au akikataa kunyonya, asingojewe kuche. Na jino la kwanza lichomozapo, lisuguliwe asubuhi na usiku kwa dawa ya meno yenye floridi, kadiri ya punje ya mchele.

Darsa ijayo, baada ya Alasiri, atakuja muuguzi wa zahanati kuwaonyesha kina mama ufizi wa mtoto mzima ulivyo. Mabibi waje pia, kwani wao ndio wanaoulizwa kwanza.