SOMO LA NYUMBANI: ESAU NA YAKOBO WAKUTANA
(Mwanzo 32 na 33)



Someni kwanza sura hizo mbili, kisha rudini hapa. Asiye na Biblia karibu na aazime kwa jirani, kwa maana habari hii haifai kusomwa nusu.

Karibu kila nyumba ina ndugu ambaye habari zake husemwa kwa sauti ya chini. Pengine ni mjomba afikaye harusini amekwisha kunywa, au shangazi azungumzaye peke yake njiani, au kaka aliyekopa kwa kila mtu asilipe. Posa ikiletwa, huyo hutumwa shambani ili wageni wasimwone. Wazee walisema, "Ndugu mui heri kuwa naye," lakini siku hizi twapenda ndugu wa picha ya ukutani: amenyoa, ametulia, hasemi neno.

Katika nyumba ya Isaka, ndugu wa aibu alikuwa nani? Watoto niliowafundisha walijibu upesi: Esau! Ni kweli aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, na wake zake Wahiti waliwahuzunisha wazazi wake (26:35). Lakini aliyemdanganya baba asiyeona ni Yakobo, naye ndiye aliyekimbia akakaa kwa Labani miaka 20. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kumwonea mwenziwe haya.

Sasa tazameni hofu ya Yakobo asikiapo kwamba Esau anakuja na watu 400. Anasali, jambo jema, halafu anahesabu mifugo: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 wanyonyeshao pamoja na watoto wao, ng'ombe 50, punda 30. Mifugo zaidi ya 550 kwa kutuliza hasira ya mtu mmoja! Kisha anawaweka wajakazi na watoto wao mbele, Lea nyuma yao, Raheli na Yusufu mwisho kabisa. Hata katika hofu alipanga watoto kwa upendeleo. Matunda yake yamo katika sura ya 37.

Esau hakudai maelezo. Alikimbia yeye, mkubwa, kumwendea mdogo, akamshika, wakalia pamoja. Kwa desturi zetu mkubwa huketi akingoja mdogo aje kupiga magoti. Wala hakuuliza neno juu ya mbaraka ulioibiwa.

Walimu wengi wa Shule ya Jumapili huishia hapo. Mimi nawaomba msome hadi mstari wa 17. Esau ataka wafuatane mpaka Seiri. Yakobo asema watoto ni wachanga, atafuata polepole. Kumbe akaenda Sukothi akajenga nyumba huko. Ahadi ile siisifu. Hata hivyo twaona kwamba waliopatana waweza kukaa mbalimbali. Mama mwenye shemeji mlevi, mwenye kupiga watu, halazimiki kumpa chumba ili aitwe Mkristo. Na alale kwake. Lakini asubuhi asalimiwe kwa jina lake, na siku ya sikukuu atengewe sahani kama wenzake.

Miaka ikapita, Isaka akafa, nao wana wawili wakamzika pamoja (35:29). Hakuna aliyeambiwa asije.

Tena kumbukeni Marko 3:21. Jamaa za Bwana wetu walitoka kwenda kumkamata, wakidhani akili zimemruka. Basi ndugu yule tumfichaye wageni anaye mwenziwe.

Maswali ya kuzungumza jioni, baba na mama wakiwapo pamoja na watoto:

1. Kwa nini Yakobo alimwambia Esau kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu (33:10)? Linganisheni na 32:30.

2. Katika sherehe ijayo ya nyumba yenu, ni ndugu gani ambaye hajaalikwa? Nani atakwenda kumwambia, na siku gani?