Binti na kazi ya kompyuta: tusichanganye dini na mazoea

Ndugu zangu Waislamu, baada ya swala ya Ijumaa hapa Bukoba, mzee mmoja kutoka Kimwani, Muleba, alinishika mkono: "Ustaadhi, binti yangu amepata chuo, anataka kusomea utengenezaji wa programu za kompyuta. Hiyo nayo ni kazi ya mwanamke?" Swali hili ni zito, maana jibu lake litaamua maisha ya mtoto.

Kwanza, tuijue kazi yenyewe. Kutengeneza programu ni kuandika maagizo yanayoielekeza kompyuta au simu ifanye nini. Huduma anayopokelea mzee huyu fedha za kahawa kwenye simu yake inaendeshwa na maagizo hayo. Kazi hii inataka hisabati, subira na uangalifu.

Pili, dini inasemaje? Surat An-Nisaa, aya ya 32, inathibitisha haki ya mwanamke katika chumo lake. Bi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara, na Mtume (s.a.w.) kabla ya utume alimsimamia mali yake safarini. Katika Surat Al-Qasas, aya ya 23, mabinti wawili wa Madyan walitoka kunywesha mifugo kwa kuwa baba yao alikuwa mzee, wakasubiri hadi wachungaji waondoke. Walifanya kazi, na haya yao haikupotea.

Tatu, njia hii ina waliotangulia. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi Kenya, Ory Okolloh na Juliana Rotich walikuwa miongoni mwa walioanzisha Ushahidi, programu iliyopokea taarifa za wananchi na kuzionesha kwenye ramani. Mwaka 2010 AkiraChix ilianzishwa Nairobi kuwafundisha wasichana teknolojia. Mwaka 2013, Dar es Salaam, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls, inayowafundisha wasichana kazi hiyo hiyo.

Mzee ana hofu za kweli: mji wa mbali, kazi za usiku, mchanganyiko ofisini. Lakini hofu hizo zipo pia kwa muuguzi na mwalimu, na mabinti wetu hatukuwafungia milango hiyo. Dawa yake ni masharti: tuulize atakaa wapi, na nani, ratiba ikoje, stara italindwaje. Tena kazi hii, palipo na umeme na intaneti, yaweza kufanyiwa nyumbani.

Tukimzuia binti kwa mazoea yetu, tusiseme ni dini iliyomzuia. Mzee aliniaga akisema atakwenda kwanza kumsikiliza mwanawe. Naam, hapo ndipo pa kuanzia.

Wallaahu a'lam.