Mswada Kabla ya Kamera: Matarajio kwa Mwanafunzi wa Filamu Shuleni

Makala haya yanajadili matarajio yanayomkabili mwanafunzi wa shule ya upili anayejifunza kutengeneza filamu. Nchini Kenya, Sanaa za Maonyesho na Filamu ni mojawapo ya masomo ya mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika Sekondari Pevu, iliyopokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Wapo wanaodhani kuwa kamera ndiyo somo lenyewe. Dhana hiyo inapotosha.

Kwanza, mwanafunzi anatarajiwa kuandika. Mhusika wa tamthilia aweza kufichua fikra zake kwa kujizungumzia jukwaani. Mswada wa filamu hutegemea zaidi kinachoonekana na kinachosikika. Kauli kwamba mama ana huzuni haipigiki picha. Mama anayeandaa sahani mbili, kisha akairudisha moja kabatini, anapigika. Aidha, ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Kwa hivyo kurasa 30 haziwezi kuzaa filamu ya dakika 10.

Pili, anatarajiwa kushirikiana, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Katika filamu ya Supa Modo (2018) iliyoelekezwa na Likarion Wainaina, wanakijiji wanaungana kutengeneza filamu ili Jo, msichana mgonjwa, awe shujaa. Darasani hali ni iyo hiyo: mnasa sauti akichelewa, waigizaji wote husubiri, anayefuatilia mwendelezo akisahau rangi ya shati, mhariri hushindwa kuunganisha picha.

Tatu, anatarajiwa kuwa mwadilifu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi za muziki. Wimbo wa msanii hautumiwi ovyo bila idhini. Vilevile, anayepigwa picha huombwa ridhaa, na akiwa mtoto, mzazi au mlezi wake huombwa.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapohitajika. Utingo wa matatu akizungumza kama kitabu cha sarufi, mtazamaji hamwamini, hata picha iwe safi namna gani. Mwanafunzi hana budi kusikiliza watu wanavyosema ndipo aandike. Iwapo utahini utazingatia ung'avu wa picha pekee, shule zitatoa vijana wanaojua kubonyeza kitufe ilhali hawana kisa cha kusimulia.