Vidokezo: Yaone macho yako yakisaka mipaka

Kikombe kinaishia wapi, na meza inaanzia wapi? Macho hutafuta jibu kwa dalili mbili kubwa: mwanga unapobadilika ghafla, na kitu kinapokwenda tofauti na kilicho nyuma yake. Jaribu nyumbani.

1. Chunguza kivuli. Jua likiwaka, shika kadi juu ya karatasi nyeupe, kama nusu mita hivi. Kodolea ukingo wa kivuli. Upande wa nje utaona mstari unaong'aa kuliko karatasi. Upande wa ndani, mstari mweusi kuliko kivuli chenyewe. Karatasi haina mistari hiyo. Seli za jicho zilizopata mwanga hupunguza nguvu ya jirani zao, hivyo tofauti inakuzwa palepale mpakani. Mwanafizikia Ernst Mach aliieleza mistari hiyo mwaka 1865.

2. Tuliza macho. Chora nukta nyeusi katikati ya karatasi, kisha pembeni paka doa hafifu la penseli na ulisambaze kwa kidole. Kazia macho nukta tu. Doa litafifia hadi litoweke, kwani mpaka wake ni hafifu na hausogei machoni. Ukihamisha macho, linarudi. Daktari Troxler aliliona jambo hili mwaka 1804.

3. Ficha mbuzi. Hiki ndicho nikipendacho kuliko vyote, na watoto watakigombania. Jaza karatasi nukta ovyo ovyo. Kwenye plastiki angavu jaza umbo la mbuzi kwa nukta kama hizo, bila kuchora mstari wa nje. Weka plastiki juu ya karatasi: hakuna mbuzi. Ivute taratibu: pembe, masikio, miguu, huyo hapo! Simamisha, kapotea. Nukta zinazokwenda pamoja, ubongo huzichukua kuwa kitu kimoja. Digidigi naye huganda akihisi hatari, na unaweza kumpita bila kumwona.

4. Usiku barabarani, funga utepe unaoakisi mwanga kwenye magoti na vifundo vya miguu, si kifuani tu. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Gunnar Johansson wa Uppsala, Sweden, alionyesha vitaa vilivyofungwa kwenye viungo vya mtu gizani. Mtu akitulia, watazamaji waliona vitaa tu. Akianza kutembea, walimtambua mara moja. Utepe wa kifuani dereva anaweza kuudhania kibao. Vifundo vinavyopishana vinamwambia mapema kwamba mbele kuna mtu.