Somo la 14: Leseni za Biashara ya Baharini

Katika masomo yaliyopita umejifunza kuandika barua na kujaza fomu. Leo tutasoma karatasi za chombo cha baharini. Chukua kalamu. Ukiona neno usilolijua, lipigie mstari chini, kisha muulize mwalimu.

Tuseme mko watu wanane. Mnakaa Fumba, kusini-magharibi ya Unguja. Mna mashua moja ya mbao na mashine yake. Mnataka kununua samaki kwa wavuvi wenzenu, kuwatia barafu na kuwauza mbali. Karibu nanyi lipo eneo huru la kiuchumi. Mnataka kuweka ghala la barafu humo. Je, mtaanzia wapi?

Wengi huanzia pabaya. Wakisikia neno "huru" hufikiri kwamba humo hakuna leseni, hakuna ukaguzi, wala hakuna kodi. Huko ni kukosea. Eneo huru ni mahali palipotengwa na serikali kwa ajili ya viwanda na biashara, hasa ya kuuza nchi za nje. Zanzibar yamo maeneo ya namna hiyo Fumba, na pia Micheweni kule Pemba. Uhuru wake ni wa ushuru wa forodha. Bidhaa ikitoka ng'ambo na kuingia humo, haitozwi ushuru ule. Lakini ikitoka humo kuja kijijini kwenu, inahesabiwa kama imeingia nchini siku hiyo. Hapo ndipo ushuru unapodaiwa.

Tufanye hesabu. Tuseme mmenunua kitu Dubai kwa shilingi 2,000,000, na ushuru wake ni asilimia 25. Kikikaa ndani ya eneo huru, ushuru hamlipi. Mkikitoa nje mkakifunga kwenye mashua yenu ya kila siku, mnadaiwa shilingi 500,000, mbali na kodi nyingine. Mkikitoa usiku bila karatasi, mmefanya magendo. Kitu kitachukuliwa, na pengine mashua nayo.

Kwa hiyo, kabla ya kuleta kitu chochote, ulizeni: kitatumika ndani au nje? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama eneo huru linawafaa, au mnajisumbua bure. Kwa mashua moja na majokofu mawili, naona heri mngojee kwanza. Ghala la kawaida nje ya eneo lina karatasi chache zaidi.

Sasa tuanze na ninyi wenyewe. Watu wanane bila jina si biashara, ni watu wanane. Mkitaka kuwa ushirika, nendeni kwa ofisa ushirika wa wilaya. Mkitaka kuwa kampuni, nendeni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Chukueni vitambulisho vyenu na barua ya sheha. Jina litakaloandikwa hapo liandikwe vivyo hivyo kwenye kila karatasi itakayofuata, herufi kwa herufi. Jina likitofautiana mahali pamoja tu, mtarudishwa nyumbani, na nauli imekwenda.

Tuje kwenye mashua. Hapa usiharakishe kusoma.

Zanzibar vyombo vya baharini husajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Usajili na ukaguzi ni mambo mawili. Usajili unasema mashua ni ya nani, jina lake nani, urefu wake kiasi gani, na namba yake ipi. Ukaguzi unasema kama mashua inafaa kwenda baharini. Mashua iliyosajiliwa inaweza kuwa mbovu. Cheti cha usajili hakizibi tundu.

Mkaguzi ataangalia mbao, kalafati na mkuku. Ataangalia mashine. Atauliza maboya na majaketi ya kuokolea yako wapi, na yanatosha watu wangapi. Usiazime majaketi ya jirani kwa siku ya ukaguzi. Mkaguzi ataondoka, jirani atachukua majaketi yake, na wewe utakwenda baharini na cheti mfukoni.

Ukipewa cheti, tafuta mambo matatu na uyasome kwa sauti: tarehe ya mwisho wa cheti, idadi ya watu, na uzito wa mizigo. Idadi hiyo ndiyo roho ya cheti. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, upande wa Nungwi. Meli ile ilikuwa na nafasi ya abiria 645. Waliopanda walizidi sana hesabu hiyo, na waliokufa ni mamia. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Nafasi yake ilikuwa ya watu 101, na waliokufa peke yao ni zaidi ya 220. Namba ilikuwa imeandikwa. Haikufuatwa.

Basi kama cheti chenu kinasema watu sita, wa saba abaki diko, hata akiwa mjomba wa nahodha. Na mashua iliyopewa cheti cha kuvua au kubeba mizigo haijapewa ruhusa ya kubeba abiria kwa nauli. Hiyo ni kazi nyingine yenye kibali chake.

Samaki nao wana karatasi zao. Mvuvi anahitaji leseni ya uvuvi, na chombo chake pia. Uvuvi wa karibu na pwani ya Zanzibar unasimamiwa na idara ya uvuvi ya Zanzibar, kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010. Bwana diko na kamati ya wavuvi watakuonyesha njia ya kufika huko. Fumba iko katika ghuba ya Menai, ambayo ni hifadhi tangu mwaka 1997, hivyo ulizeni pia masharti ya nyavu. Mkitaka kuvuka maili 12 za baharini, yaani kama kilomita 22 kutoka pwani, mnaingia katika bahari kuu. Huko leseni hutolewa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, ambayo ni ya Bara na Zanzibar pamoja. Makao yake yako hapo hapo Fumba, nanyi mnapita mlangoni kwake. Kama hamtavuka maili hizo, leseni hiyo haiwahusu. Msikubali kuuziwa.

Kuhusu ghala ndani ya eneo huru, ofisi ya kuendea ni Mamlaka ya Vitega Uchumi, inayojulikana kwa kifupi kama ZIPA. Siku hizi inafuata Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2023. Watataka maelezo ya biashara yenu, mtaji wenu, na mtauza wapi. Ulizeni kiwango cha mtaji kabla hamjatoa hata senti. Ardhi ya humo haiuzwi, hukodishwa. Maji machafu ya samaki yatawaleta watu wa mazingira, nao wana cheti chao. Leseni ya biashara na namba ya kodi zinabaki pale pale. Ushuru wa forodha hukusanywa na TRA, na kodi za Zanzibar hukusanywa na ZRA. Msizichanganye ofisi hizi mbili.

Njiani atatokea mtu mwenye maneno mazuri. Atasema, "Bwana, nipe laki tatu, kesho nakuletea leseni zote." Hapo zamani mtu wa namna hii alikupa wino, ukatia dole gumba, hukujua umetia nini. Sasa unajua kusoma. Mwambie, "Tufuatane ofisini, nitalipa mwenyewe." Kama ni mkweli, atafuatana nawe. Ukilipa, dai stakabadhi na uisome papo hapo: jina la ofisi, jina lenu, tarehe, kiasi, na malipo ni ya nini. Usiondoke dirishani kabla ya kuimaliza, hata kama wa nyuma yako wanaguna. Nilifanya haya mara moja kwa dakika tano nzima, na mwandishi wa stakabadhi akaona mwenyewe kwamba amekosea sifuri moja.

Karatasi zote zitieni katika mfuko wa nailoni, mfunge vizuri. Nakala ziende baharini, asili zibaki nyumbani, isipokuwa zile ambazo ofisi imesema lazima ziwe chomboni.

MASWALI

1. Mashine imetoka ng'ambo na kuingia eneo huru. Ni lini ushuru wake utadaiwa?

2. Eleza tofauti ya cheti cha usajili na cheti cha ukaguzi.

3. Kitu kimenunuliwa kwa shilingi 3,600,000. Ushuru wake ni asilimia 25. Je, ushuru ni shilingi ngapi?

4. Mwenye chombo darasani alete cheti chake siku ya somo lijalo. Msomeeni tarehe ya mwisho na idadi ya watu, kisha nendeni pwani mkahesabu majaketi.